Kura Yangu Chini ya Mwavuli

Jumatano, 7 Januari

Kitambulisho changu cha mpiga kura kimefika! Kwenye picha ninafanana na mtu aliyekamatwa akiwa na mbuzi wa jirani, lakini jina ni langu kabisa: Sumedh Gajbhiye, miaka kumi na tisa, Mtaa wa Kinu, mji wa Pimpalkheda. Nimemwonyesha Mama. Nimemwonyesha Bibi. Nimemwonyesha muuza maziwa, akaniuliza kama nataka na mtindi.

Jumapili tunamchagua diwani wa mtaa. Kura yangu ya kwanza maishani. Nimetembea hadi hekaluni na kurudi, polepole, ili watu waone raia anavyotembea.

Kero moja tu: Ketaki wa nyumba ya pili. Cha kwake kimefika pia. Tulizaliwa wiki moja, na tangu wiki hiyo hajawahi kukubali nitangulie popote. Sasa anazunguka na daftari. Anasema anaandika maswali ya kuwauliza wagombea. Akanigeukia mbele ya watu akataka kujua mimi nimejiandaaje. Nikamjibu kwamba nimekuwa nikiwachunguza wagombea wote kimyakimya tangu sikukuu ya Diwali. Akauliza wako wangapi. Nikasema uongozi si suala la idadi.

(Nimeulizia baadaye. Wawili.)

Mpango: Jumapili niwe mtu wa kwanza mtaani kupakwa wino. Ketaki na daftari lake wakifika, waone mgongo wangu.

Alhamisi, 8 Januari

Siku ya soko. Barabara yote kuanzia kinu cha zamani hadi hekaluni imejaa mapapai, machungwa, vitunguu na kelele. Mama yuko mahali pake pa miaka yote, na pilipili zake kavu na mitungi ya achari. Mimi nimelelewa nyuma ya gunia la pilipili. Ndiyo maana nikifikiri sana hupiga chafya.

Sokoni hakuna mazungumzo mengine. Mgombea mmoja anataka kulihamisha soko, lipelekwe ng'ambo ya reli, kwenye vumbi, ambako hapiti mtu ila mbwa na upepo. Mama alisema tu kwamba wateja wake ni wanawake wanaotoka hekaluni kwa miguu, na mguu wa mtu mzima hauvuki reli kwa ajili ya achari. Kisha akapanga upya mitungi iliyokuwa imepangika.

Nimejua majina: kuna Mama Sushila Thote, nesi mstaafu, anayetaka soko libaki, na kuna Bwana Raghunath Bhoyar, muuza pampu za maji, anayetaka lihame. Safi. Mimi niko na Thote! Nilitaka kuuliza alama yake ni ipi kwenye mashine ya kura, lakini bhajia zikatoka kwenye mafuta saa ileile, na bhajia haisubiri siasa.

Ijumaa, 9 Januari

Nimehudhuria mkutano wa wagombea uwanjani shuleni. Niandike hivyo: nimehudhuria. Foleni ya chai ilikuwa upande mmoja na wagombea upande wa pili, na mtu hawezi kuwa na migongo miwili. Nilisikiliza dakika nne nzima. Mtu aliongea kuhusu mifereji. Ketaki alisimama akauliza maswali matatu, na kila jibu akaliandika. Watu wakampigia makofi. Nikaona hewa imekuwa nzito, nikaondoka.

Lakini bahati humfuata mwenye akili hadi barabarani! Karibu na kinu bajaji mbili zenye vipaza sauti zilikuwa zinapishana. Vumbi tupu, sikuona kitu, lakini masikio yalikuwa kazini. Nikasikia: "Soko letu lisihame! Soko letu libaki palepale! Mwavuli! Piga kura mwavuli!"

Mwavuli! Nikasimama katikati ya vumbi nikafikiri (chafya tatu). Mwavuli ni kivuli. Nani anahitaji kivuli? Mama zetu wanaokaa juani na magunia. Basi mwavuli ni Thote. Na ile cherehani niliyoiona kwenye mabango mengine? Cherehani ni mashine. Bhoyar anauza mashine. Imekamilika! Ketaki ametumia daftari zima. Mimi nimetumia masikio mawili na dakika moja.

Jumamosi, 10 Januari

Mpango umepanuka. Kwa nini niokoe soko kwa kura moja wakati nyumbani kuna nyingine zimekaa bure?

Nimeanza na Bibi. Macho yake hayaoni mbali, lakini picha ya mwavuli ataiona. Nikamwambia: Bibi, ukitaka soko libaki, bonyeza mwavuli. Akasema yeye alisikia kwa mke wa kinyozi kwamba soko ni cherehani. Nikacheka kwa upole, kama wanavyocheka walimu. Nikamweleza habari ya kivuli. Akasema kweli, mke wa kinyozi hata nywele zake mwenyewe hazijui.

Baba mdogo Vasant alikuwa rahisi zaidi. Yeye humkubalia yeyote aliyempa chai. Nimempa mbili, kwa uhakika.

Baba yupo safarini na basi lake la kwenda Amravati hadi Jumatatu jioni. Kura moja imepotea, basi. Mama nilimkuta anatwanga pilipili, machozi yanamtoka. Nilipofungua mdomo tu akasema kura ya mtu ni siri yake na Mungu wake, nimpishe.

Jioni Ketaki akaja na ukurasa mmoja aliounakili: majibu ya wagombea wote wawili, alama zao, na sababu zao. Ameunakili kwa ajili yangu! Akasema, "Chukua tu, Sumedh. Hakuna atakayejua umesoma."

Maneno ya dharau kama hayo! Nikapokea kwa heshima, nikaukunja mara nne, nikauweka chini ya mguu wa kitanda cha Bibi kinachoyumba. Sasa hakiyumbi. Kwa mara ya kwanza maandishi ya Ketaki yamemsaidia mtu.

Jumapili, 11 Januari

Siku kuu!

Niliamka saa kumi na moja alfajiri. Kituo kinafunguliwa saa moja na nusu. Ningekuwa mlangoni saa kumi na mbili, nimekaa kitako kama mfalme, kama isingekuwa Bibi. Bibi alitaka kuoga. Kisha kusali. Kisha sari ya kijani, na baada ya kuivaa, sari ya zambarau. Akasema amepiga kura mara kumi na tano maishani, na mara zote alikwenda amependeza.

Tukafika saa moja na robo. Foleni ya wanaume: mimi wa kwanza! Nikageuka kwa ushindi kutazama foleni ya wanawake. Wa kwanza: Ketaki. Ameketi kwenye kigoda alichokuja nacho. Akanipungia mkono.

Bado tulikuwa sawa. Lakini mlango ulipofunguliwa karani akasema tuanze na kina mama. Nikapinga. Nikasema mtu wa kwanza ni mtu wa kwanza. Karani akaniuliza kama nataka kuanza kwa kupiga kura au kwa kutolewa nje. Ketaki akapakwa wino dakika moja kabla yangu. Dakika moja! Alipotoka alikuwa na ua la waridi, wanalopewa wapiga kura wa mara ya kwanza, na kidole amekiinua kama mshumaa.

Nami nikaingia. Wino kwenye kidole cha shahada cha kushoto, baridi kama ulimi wa ndama. Nikapita nyuma ya kadibodi. Mbele yangu mashine. Cherehani juu, mwavuli chini yake, na chini kabisa kitufe cha wale wasiomtaka yeyote. Kando ya kila picha kulikuwa na maandishi. Sikuyasoma. Nyuma yangu kulikuwa na wazee wamesimama, na adabu ni adabu.

Nikabonyeza mwavuli. Mashine ikalia mlio mrefu, kama mbu aliyepandishwa cheo. Mwili wote ulisisimka. Sitanii. Nilisimama pale nikahisi Mama amekaa chini ya kivuli changu na mitungi yake yote, na hakuna wa kumwondoa.

Bibi alibonyeza. Baba mdogo alibonyeza. Mama alibonyeza anachojua yeye. Tulikula poha ya moto, ule mchele bapa wa kukaanga, nje ya kituo, na waridi langu nikampa Bibi. Siku nzuri mno. Ukiondoa ile dakika moja.

Jumatatu, 12 Januari

Niandike upesi kabla mkono haujakataa.

Saa sita mchana ngoma zikasikika kutoka ofisi ya mji. Watu wakapiga kelele: mwavuli umeshinda! Nikatoka mbio bila viatu. Kwenye kona ya kinu nikakutana na maandamano: miavuli ishirini juu, unga mwekundu unarushwa hewani, vijana wanacheza. Nikaingia katikati. Nikacheza! Nilicheza mbele ya gari la mshindi, nyuma-nyuma, mikono juu, uso mwekundu kama nyanya, nikipiga kelele kwamba soko limeokoka. Walionizunguka walicheka sana. Nilidhani ni furaha.

Kisha nikainua macho kwenye gari nimwone Mama Thote. Nikaona masharubu.

Nikamuuliza kijana wa jirani Mama Thote amekaa wapi. Akasema, "Yuko kwake, ndugu yangu, anakunywa dawa ya kichwa. Huyu ni Bhoyar! Wewe unamchezea nani?"

Miguu ilikuwa bado inacheza, maana hakuna aliyeiambia. Na pale ukingoni mwa barabara, na kikapu kichwani, alikuwa amesimama Mama. Alinitazama kutoka kwenye nywele zangu nyekundu hadi kwenye miguu yangu mitupu. Kisha akaendelea na safari yake.

Bhoyar amepata kura 616. Thote 611. Tofauti ni tano. Nilishusha pumzi! Kura zangu ni tatu tu, mimi na Bibi na Baba mdogo. Tatu haifiki tano. Sina hatia! Nikamwelezea hivyo Ketaki uani kwao. Akachukua karanga kutoka kwenye sinia, akazipanga mafungu mawili, la Bhoyar likizidi la Thote kwa tano. Akatoa tatu fungu hili, akazitia fungu lile. Akaniambia nihesabu.

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Thote 614, Bhoyar 613.

Nikala zile tatu. Haikusaidia.

Baba alirudi jioni, akauliza nyumbani kuna msiba gani. Chakula: chapati na dengu. Mama alimwekea kila mtu achari. Mimi hakuniwekea.

Jumanne, 13 Januari

Nimekwenda ofisi ya mji kuirudisha kura.

Karani wa dirisha la tatu alikuwa yule yule wa juzi. Nikamweleza kwa utulivu kwamba kulitokea kosa dogo la kibinadamu na ninaomba kura tatu zihamishwe kutoka mwavuli kwenda cherehani. Nikasema sitaki adhabu kwa yeyote. Akaniuliza kosa lilikuwa la nani. Nikasema la bajaji.

Akavua miwani. Akasema, "Kijana, kura si sahani ya jirani, kwamba ukishakula unairudisha. Mashine ilikuandikia jina?"

Nikakiri kulikuwa na maandishi.

"Kwa Kimarathi?"

Kwa Kimarathi.

"Shuleni ulifika darasa la ngapi?"

Niko mwaka wa pili chuoni. Hilo sikumwambia. Nikasema nimesahau, nikaondoka, na nyuma yangu nikamsikia anawahadithia madirisha yote matano. Cheko la dirisha la kwanza lilinifuata hadi langoni.

Nyumbani nikakuta Bibi ameshamweleza Mama kila kitu, kuanzia kivuli mpaka cherehani. Nikaketi mbele ya Mama, nikasema mimi ndiye niliyelihamisha soko. Sauti ilinikatika. Sikuipanga hiyo, ilikatika yenyewe. Nikasema nilitaka akae kivulini.

Mama akaendelea kuchambua ufuta wa sikukuu ya kesho. Akasema, "Mwanangu, una moyo wa ng'ombe: mkubwa, mweupe, na unatembea barabarani bila kutazama." Kisha akanisogezea nusu ya ule ufuta, nichambue. Nadhani nimesamehewa robo.

Jumatano, 14 Januari

Sikukuu ya Sankranti. Siku ya kupeana vitufe vitamu vya ufuta na sukari guru, na kuambiana: chukua tamu, useme matamu.

Asubuhi Mama akavaa sari yake ya harusini. Akajaza sinia vitufe. Akamwita Bibi, akamwita Baba mdogo, akaniita mimi nibebe sinia. Mlangoni walikuwa wanasubiri wanawake saba wa sokoni, na Ketaki, na daftari. Sikuuliza tunakwenda wapi. Siku hizi ninauliza kidogo.

Tulikwenda kwa diwani.

Bhoyar alitoka na taulo shingoni, akifurahia wageni. Mama akainua kitufe. "Chukua tamu, mheshimiwa, tuseme matamu." Akala. Mama akangoja mpaka mdomo ujae.

"Hawa watatu," akasema, akituonyesha kwa kidevu, "walikupa kura kwa bahati mbaya."

Bhoyar alikohoa ufuta hadi kwenye taulo.

"Mimi nilidhani wewe ni yule nesi," akasema Bibi.

"Umeshinda kwa tano, mheshimiwa," Mama akaendelea, sauti ya sukari guru tupu. "Sokoni tuko wanawake arobaini na wawili. Kila mmoja ana mume anayempenda au anayemwogopa. Na miaka mitano huisha."

Nilidhani mtu huyo atatufukuza. Lakini aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, akafuta mdomo. "Dada yangu, mimi si adui wa soko. Mwezi wa Oktoba, siku ya Alhamisi, gari la wagonjwa lilikwama nusu saa katikati ya vitunguu. Aliyekuwa ndani ni mke wa mdogo wangu, na mtoto anakuja."

Mama hata sinia alisahau. Ilionekana hakuijua habari hiyo.

"Wakapona?"

"Wakapona. Kwa Mungu tu."

Mama akaketi ngazi ileile, chini kidogo. Akasema basi shida yake ni njia, si soko. Akasema wanaweza kuacha njia ya gari katikati, wapige mstari wa chokaa huku na huku, na kikapu kitakachovuka mstari, mwenyewe arudi nacho nyumbani siku hiyo. Bhoyar akasema wanawake hawatakubaliana. Wale saba wakamtazama. Akasema haya, tujaribu hadi sikukuu ya Holi, mwezi wa Machi. Ketaki akaandika, akampa diwani kalamu atie sahihi. Akatia! Akala kitufe cha pili.

Njiani kurudi Ketaki akasema habari ya gari la wagonjwa aliisikia mkutanoni, na ilikuwa kwenye ule ukurasa alionipa. Nikamwambia ukurasa ule unafanya kazi kubwa nyumbani kwetu kuliko anavyodhani.

Chakula cha mchana: achari! Vijiko viwili.

Alhamisi, 15 Januari

Soko la mistari! Chokaa nyeupe kuanzia kinu hadi hekaluni, imenyooka kuliko reli. Mimi nimepewa kipenga na kazi ya kulinda mstari. Nimewapulizia wauza machungwa wawili, nyati mmoja (hakujali), na kandambili ya Ketaki, iliyovuka kwa upana wa kidole. Ketaki anasema haikuvuka. Ilivuka.

Saa nne gari la wagonjwa likapita, tupu, kwa majaribio. Bhoyar ameketi mbele kama bwana harusi. Halikugusa hata kitunguu. Wanawake wakashangilia. Mama Thote mwenyewe alikuwepo, akinunua achari kwa Mama, na akasema kwa sauti kwamba mstari ule ni wazo bora kuliko lake na la Bhoyar. Hadi saa saba Mama alikuwa ameuza kila kitu, na watu wanapita kwa nafasi na kuchagua bila kusukumana. Sijamwona anacheka hivyo tangu Diwali.

Nimeketi nyuma ya gunia tupu nikafikiri kwa kina (chafya nne). Na nimefikia jambo. Kama ningempigia kura Thote, soko lingebaki kama lilivyokuwa, na gari la wagonjwa lingekwama tena. Bhoyar asingeshinda, asingetishwa, asingetia sahihi. Mama asingekwenda. Mstari usingekuwepo. Kwa hiyo, nani aliyeuleta mstari huu? Sitaki kujitaja.

Nilimtajia Ketaki. Alinitazama kama mtu aliyetia chumvi kwenye chai akidhani sukari. Akasema ndiyo maana mbu nao wanadhani wao ndio walioleta chandarua. Wivu. Ile dakika moja imemlevya.

Jumapili, 18 Januari

Siku tulivu. Jua laini, machungwa matamu. Bibi anamwambia kila anayekuja kunisalimia kwamba mimi ndiye mwanasiasa wa nyumba, na sijamkatalia.

Asubuhi kulikuwa na mkutano wa chama cha vijana wa kabadi, ule mchezo wa kukamatana ambao mimi ni nahodha wa timu, chini ya paa la bati la shule. Nilichelewa kidogo kwa sababu ya chapati ya tatu. Nilipoingia mwenyekiti alikuwa anamalizia kusema jambo, na akauliza wanaounga mkono ni nani. Wengine walianza kunong'onezana, wengine wakamtaka arudie. Mimi sikusubiri. Mtu mwenye uzoefu hutambuliwa hapo. Nikanyoosha mkono juu kabisa, wa kwanza, kidole changu cha wino mbele, na nikawageukia wenzangu kwa macho ya kuwatia moyo. Mikono ikaanza kuinuka, mmoja mmoja, kisha kumi, kisha karibu yote.

Tumeshinda! Ishirini na sita kwa wanne! Wamenipigapiga mgongoni, wamenipa mkono, mmoja akanikumbatia akaniambia ana huruma nami lakini nimefanya uungwana mkubwa.

Kesho nitauliza tumepitisha nini.